Sura ya 4: Unga kwanza, au ushauri?

Kila ninapozungumzia afya ya akili mbele ya watu, kuna mkono unaonyanyuka kutoka viti vya nyuma. Mwenye mkono hana haraka. Anaanza na "samahani, mimi nauliza tu," kisha anapiga palepale: "Mtu amekimbia vita. Nyumba yake ni turubai. Watoto wana njaa. Badala ya kumpelekea unga mnampelekea mwanasaikolojia, akamuulize anajisikiaje?" Ukumbi unaangua kicheko. Nami nacheka, maana swali lenyewe limekaa vizuri, na kwa miaka mingi sikuwa na jibu la kulitosha.

Sura hii ni jibu langu kwake. Nikiri mapema kwamba kwa sehemu kubwa ana haki. Lakini kuna watu wachache ambao hoja yake, ikigeuzwa kuwa sera, itawaacha wakizama huku magunia ya unga yamepangwa mlangoni.

Mwanasaikolojia ni mtaalamu wa namna watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyoishi na wenzao. Si lazima awe daktari. Hawa nitakaowataja kazi yao kubwa hawakuifanyia ofisini. Waliifanyia Kigoma, Siaya, Nakuru na Nakivale, wakiwa na karatasi za maswali na mkalimani pembeni.

Mwenye mawazo

Mtu akikwambia "yule mama ana mawazo," hudhani kwamba mama amevumbua kitu. Unaelewa mara moja: halali, hali, ukimsemesha anaitika baada ya kitambo. Washona wa Zimbabwe huita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wanyarwanda wana ihahamuka, neno lililochipuka kwenye mapafu, mtu anapokatikiwa na pumzi kwa hofu. Kila Aprili, msimu wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, neno hilo husikika sana. Basi anayedai kwamba haya ni maradhi ya kizungu yaliyoletwa na mashirika, kwanza aeleze lugha zetu zilipata wapi majina yake.

Wataalamu wamegawa mzigo huu mafungu. Mawili yatatutosha. Sonona ni huzuni iliyoganda: wiki zinapita, mtu haonji utamu wa kitu, nguvu zimemwisha, anajiona hana thamani. Kiwewe ni jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha. Mwenye kiwewe hakumbuki tu jambo lililopita. Jambo lenyewe humrudia, kwa ndoto, kwa harufu, kwa mlio wa pikipiki, na mwili wake huitikia kana kwamba linatokea sasa hivi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mapya kwa maeneo yaliyopitiwa na vita: takriban mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, likiwa dogo au kubwa. Namba hiyo hutajwa kwa kushtua watu, nami sipingi kushtuka. Ila igeuzeni muitazame upande wa pili. Wanne kati ya watano si wagonjwa. Wana uchungu, wana hasira, wamechoka, na ukiangalia wanayoishi nayo, ingekuwa ajabu wasiwe hivyo.

Asubuhi ya mgao

Kambi ya Nyarugusu iko wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Ilifunguliwa 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Aliyezaliwa humo mwaka huo leo ana watoto wake humohumo. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya watu walijaa Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa inakwenda na kurudi kuwabeba hadi Kigoma mjini, wakahifadhiwa uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambini. Nyarugusu ilipofurika, kambi za Nduta na Mtendeli nazo zikafunguliwa.

Sasa tumchukue mama mmoja wa mfano. Tumwite Mama Riziki, Mrundi. Hayupo, nimemtunga ili tuelewane. Leo ni siku ya mgao. Ameamka gizani kuwahi foleni, kadi ya familia ameikunja kwenye nailoni na kuifunga kwenye pindo la kanga. Nyumbani ameacha watoto wanne, wa mwisho ana homa. Atapata unga wa mahindi, mbaazi, mafuta na chumvi, vya kufika mgao ujao kama hakuna mgeni wala panya. Kuni hakuna, kuni ziko nje ya kambi, na kila mwanamke anajua yupi aliyekwenda kuzitafuta akakutana na wanaume njiani. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kwa sheria ya wakimbizi ya 1998, kutoka kambini kunahitaji kibali, kwa hiyo cherehani, hata angekuwa nayo, ingeshona nguo za watu wasio na hela kama yeye. Anakaa. Anawaza. Jioni maneno madogo yanakuwa makubwa.

Muulize Mama Riziki nini kinamnyima usingizi. Je, atataja usiku ule wa kuvuka mpaka? Huenda. Lakini yaelekea atataja kuni kwanza.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuuliza hivyo. Walikwenda kambini na orodha ya mambo ya vita: uliona maiti? ulipigwa? ulipoteza nani? Mwaka 2010 wanasaikolojia wawili, Kenneth Miller na Andrew Rasmussen, waliandika makala iliyowashtua wenzao kidogo. Walisema vita vyenyewe vinaeleza sehemu tu ya maumivu ya wakimbizi. Sehemu kubwa hupitia kwenye shida za kila siku: njaa, msongamano, kukosa kazi, ugomvi wa nyumbani, kutojua kesho. Vita huanzisha, foleni huendeleza. Na kwa kuwa foleni ipo leo, leo ndipo inapoweza kupunguzwa.

Juni 2023 mgao katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachohitajika, kwa sababu wafadhili walipunguza fedha. Hakuna aliyepigwa risasi siku hiyo.

Akili iliyobanwa

Hapa yule wa viti vya nyuma huongeza lingine, safari hii kwa sauti ya chini: "Lakini maskini nao wana maamuzi yao. Anapewa chakula, anauza. Anakopa kwa riba asiyoiweza."

Kumjibu, twende kusini mwa India. Katika jimbo la Tamil Nadu, wakulima wa miwa hulipwa kwa mkupuo mara wanapovuna. Kwa hiyo mkulima yuleyule ni maskini miezi kadhaa kabla ya mavuno, kisha ana pesa baada yake. Watafiti, Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir wakiwamo, walitumia mwanya huo. Waliwapa wakulima 464 mafumbo ya kupima fikra, mara moja kabla ya mavuno na mara nyingine baada yake. Watu walewale, vichwa vilevile. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Maelezo yao, yaliyotoka 2013, ni kwamba uhaba hula nafasi ya akili. Kichwa kinachopiga hesabu ya ada, deni la dukani na dawa ya mtoto kinabaki na nafasi ndogo ya kufikiria kitu kingine. Ni kama simu iliyofunguliwa programu kumi: si mbovu, imeelemewa.

Sipendi kuuza utafiti kama dawa ya mnadani, kwa hiyo niseme na hili. Wengine walijaribu kitu kinachofanana Marekani kwa watu wa kipato cha chini, kabla na baada ya siku ya mshahara, na tofauti hiyo hawakuiona. Pengine siku chache kabla ya mshahara si sawa na miezi ya kusubiri mavuno. Ninachokichukua mimi ni kidogo: kabla ya kumwita mtu mzembe, angalia amebeba hesabu ngapi.

Pesa ilipoingia kwenye simu

Kama umaskini unaumiza akili, pesa inaponya? Mwanasaikolojia na mchumi Johannes Haushofer na mwenzake Jeremy Shapiro walikwenda kuliuliza hilo Rarieda, kaunti ya Siaya. Kati ya 2011 na 2012 kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilitumiwa pesa kwa M-Pesa, nyingine shilingi 25,200 za Kenya, nyingine 95,200, bila masharti, bila semina. Wengi wa wapokeaji walikula vizuri zaidi, wakaongeza mifugo, wakaweka mabati. Na walipoulizwa kuhusu nafsi zao, furaha ilikuwa imepanda na msongo umepungua. Watafiti walipima hata mate yao, kutafuta kotisoli, kemikali ambayo mwili huitoa kwa wingi unapokuwa na msongo. Kwa waliopata fungu kubwa, ilikuwa imeshuka.

(Majirani wasiopata kitu walikuwaje? Kadiri wenzao walivyopanda, kuridhika kwao na maisha yao kulipungua, ingawa baadaye hali hiyo ilififia. Aliyewahi kuishi kijijini hahitaji utafiti kuliamini hilo.)

Kisha wakaja na jaribio linalomhusu moja kwa moja mwuliza swali wetu. Kaunti ya Nakuru, zaidi ya watu 5,000. Baadhi walipewa pesa. Baadhi walipewa ushauri wa wiki tano ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani: mtu wa kawaida aliyefunzwa anakaa nawe uso kwa uso, anakufundisha kutuliza pumzi, kuligawa tatizo vipande, kurudia shughuli ulizoziacha na kutafuta watu wa kukushika mkono. Wengine walipewa vyote, wengine hawakupewa kitu. Mwaka ukapita. Waliopewa pesa walikuwa na hali nzuri kimaisha na kinafsi. Waliopewa ushauri peke yake hawakuonyesha tofauti ya kupimika.

Mkono wa nyuma unapiga makofi. Asubiri.

Ushauri huohuo ulikuwa umejaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia na waliokuwa na dalili za wazi za msongo. Walioutoa walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani. Miezi mitatu baadaye wanawake hao walikuwa wamepata nafuu ya kuonekana. Tofauti iko wapi? Nakuru walichukuliwa watu wowote wa kijijini, wengi wao wazima wa akili, shida yao ikiwa ni ufukara. Nairobi walichukuliwa walioumia. Ukimpa kila mtu panadol, utasema haifanyi kazi, kwa sababu walio wengi hawakuwa na maumivu ya kichwa.

Kwa kifupi hadi hapa: kwa wanne kati ya wale watano, kinachotibu zaidi ni pesa, chakula, kazi na uhuru wa kutembea. Kumpeleka mshauri kwa mtu ambaye tatizo lake ni njaa ni kumwambia kwa adabu kwamba njaa iko kichwani mwake. Sasa twende kwa yule wa tano.

Kamba, mawe na maua

Nakivale ni makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, yaliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi na ruhusa ya kufanya kazi; kwa maana hiyo baadhi ya shida za Mama Riziki hapo ni nafuu. Hata hivyo wanasaikolojia wa Kijerumani, akiwamo Frank Neuner, waliwakuta humo Wanyarwanda na Wasomali waliokuwa na shamba na bado hawalali. Miaka mingi imepita, hatari iko mbali, lakini usiku ni uleule.

Dalili kwamba unga peke yake hautatosha huwa ni hizi, zikidumu kwa wiki nyingi:

- ndoto ileile, au picha ileile inayomjia mtu mchana akiwa macho;
- kushtuka kupita kiasi, kukaa muda wote akiangalia mlango;
- kukwepa njia, watu au maneno yanayomkumbusha;
- kukata tamaa hadi mgao ukija haamki kuufuata;
- kusema kuwa ni afadhali asiwepo. Hii haisubiri wiki. Atafutiwe msaada siku hiyohiyo.

Njia waliyoitumia Neuner na wenzake inaitwa tiba ya masimulizi. Mshauri analaza kamba chini. Mwanzo wake ni siku uliyozaliwa. Unaanza kuweka maua mahali pa mambo mema na mawe mahali pa mabaya, ukifuata miaka. Kwanza mtu huchukua jiwe. Halafu anasita, anachukua ua, analiweka mbele kidogo: shuleni, mwalimu aliyempenda. Ua lingine: harusi. Kisha mawe matatu yaliyobanana. Mwisho wa kamba haunyooshwi, unaachwa umejikunja, kwa sababu miaka hiyo bado. Katika vikao vinavyofuata mnarudi kwenye kila jiwe, polepole: ilikuwa saa ngapi, ulisimama wapi, ulisikia nini, mwili ulikuwaje, na sasa hivi unavyosimulia mwili unakuwaje. Lengo si kusahau. Ni kulirudisha jambo kwenye tarehe yake, liache kutokea kila usiku.

Kinachonifurahisha ni nani waliotoa tiba hiyo. Walikuwa wakimbizi wenyewe, wa Nakivale, waliofunzwa kwa wiki chache. Matokeo yalichapishwa 2008: kati ya watu 277, waliopitia masimulizi, 7 katika kila 10 hawakuwa tena na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa. Kundi lingine lililopata ushauri wa kawaida zaidi, wa mtu kusikilizwa na kusaidiwa kupanga maisha, halikuwa mbali nalo. Wasiopata chochote, waliopona hawakufika 4 katika 10. Muda haukuwaponya wote, ingawa waswahili tunapenda kuambiana hivyo msibani.

Fimbo inayorithiwa

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mtu anaumia peke yake. Familia haiko hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, na wa Dar es Salaam waliingia kambi za magharibi mwa Tanzania na kuzihoji familia za Warundi zaidi ya 200, wakimsikiliza baba, mama na mtoto, kila mmoja kwa upande wake. Kazi yao, iliyotoka 2021, ilionyesha mnyororo. Mzazi mwenye dalili nyingi za maumivu ya akili huelekea zaidi kumpiga na kumtukana mtoto. Mtoto naye anapoteza imani kwamba mzazi ni mahali pa kukimbilia. Mtoto asiye na pa kukimbilia anakuwa mkaidi au anajifungia, na ukaidi wake unaleta kipigo kingine. Moto na kuni, kila kimoja kikichochea chenzake.

Mrudishe Mama Riziki kwenye picha. Amerudi kutoka foleni, jua limempiga, mtoto wa pili amemwaga maji ya kisima. Kofi linatua kabla hajafikiri. Kofi hilo limetoka Burundi? Limetoka kwenye foleni? Sidhani kama yeye mwenyewe anaweza kulipasua katikati.

Ukatili huu ni mgumu kuung'oa kwa mafunzo. Nyarugusu ulifanyika mpango wa kuwafunza walimu kujituliza na kutawala darasa bila fimbo, ukapimwa kwa uangalifu katika shule 27 za Wakongo na Warundi kuanzia mwishoni mwa 2018. Uliwekewa matumaini. Viboko havikupungua kwa kiasi cha kupimika. Ninawaheshimu waliolichapisha jibu hilo badala ya kulificha drooni. Nina dhana yangu, nanyi mnaweza kuikataa: walimu wale wengi ni wakimbizi wenyewe, wana foleni zao na mawe yao, na mafunzo yanamkuta mtu amebanwa kama mkulima wa Tamil Nadu kabla ya mavuno.

Kwa yule wa viti vya nyuma

Basi unga kwanza? Ndiyo, na kwa wengi unga ndio tiba. Ila pesa ni bora kuliko unga pale soko lilipo, na kazi ni bora kuliko pesa ya bure pale sheria inaporuhusu. Ushauri usitangazwe kama sabuni. Utafutiwe wanaouhitaji, utolewe na mtu wa jirani anayejua lugha yao, na uwafikie baba na mama wote wawili, si mtoto peke yake.

Hiyo pesa badala ya unga, Nyarugusu iliwahi kuionja kidogo. Mwishoni mwa 2016 ulianza mpango wa majaribio wa kuwapa wakimbizi takriban 10,000 pesa taslimu badala ya chakula, kila familia ikajinunulie. Mwaka uliofuata serikali ikausimamisha, magunia yakarudi.

Kwa hiyo Mama Riziki, jioni ya mgao, anapima kilo mbili za unga pembeni, anamtuma mwanawe mkubwa kwa mchuuzi. Afisa mmoja akiona ataandika kwenye ripoti kwamba wakimbizi wanauza chakula cha msaada. Yeye ukimuuliza atashangaa. Hajauza chakula. Mbaazi wamekula wiki ya tatu mfululizo, mwenye homa hazimpiti kooni. Amebadilisha mboga, amepata dagaa.